Madereva Saba wa Plastiki

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa uashi katika chuo kimoja cha ufundi huko Kibamba, mbali sana kwenye Barabara ya Morogoro, enzi ambazo mtu wa mjini akija kututembelea aliaga nyumbani kwake kama anayesafiri. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke, binti mmoja aliyeanza kusimama dede, na mikono miwili ambayo niliipenda kuliko kitu chochote nilichopata kumiliki. Naikiri mikono hiyo mapema kwa sababu bila yenyewe haya yote yasingetokea. Mfuko wa saruji wa kilo hamsini niliukumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikawa nawaonyesha wanafunzi mahali walipopindisha ukuta. Mikono ya shati niliikunja hata asubuhi za Julai, watu wenye akili walipokuwa wamevaa sweta.

Mwaka huo tuliletewa mwalimu wa kujitolea, mama wa Kizungu, mrefu na mwembamba, wa kufundisha uchoraji wa ufundi. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa miezi mitatu na alikisema bila woga wowote. Ngeli kwake ilikuwa moja tu, ya watu, na humo aliingiza kila kitu: meza ameanguka, chaki amekwisha, mvua anakuja. Tulimpenda kwa hilo na hakuna aliyemsahihisha, jambo ambalo baadaye lilitugharimu.

Alikuja na sanduku la visahani vya plastiki. Mpishi wa chuo alipoviona alisema vizuri, lakini mbona havina kina, mchuzi utakaa wapi. Kumbe si vya chakula. Kwao kuna mchezo: unakirusha kisahani kutoka mbali, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo kilichosimamishwa juu ya nguzo. Anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Wanafunzi wa kuchomelea walimtengenezea vikapu sita kwa mabomba chakavu na minyororo ya baiskeli iliyokwisha, akavisimika uwanja wa nyuma, katikati ya mikorosho. Upande wa kulia wa uwanja ule kulikuwa na bwalo. Upande wa kushoto kulikuwa na nyumba ya mkuu wa chuo, na ubavuni mwake banda la kuku wa kisasa, kwa kuwa miaka ile mshahara ulikuwa wa kuombea maji tu na kila mtu alikuwa na mradi wake.

Visahani vilikuwa vya aina tatu. Kulikuwa na vile vinene ukingoni, vya kumalizia ukishakaribia kikapu. Kulikuwa na vya katikati. Na kulikuwa na vya kurushia mbali, vyenye ukingo mwembamba kama wa sinia lililofuliwa vizuri. Hicho cha mwisho kwa Kiingereza huitwa "driver". Naye kwa hiyo akakiita dereva.

Jumatano moja tukakuta karatasi kwenye ubao wa matangazo, imeandikwa kwa zile herufi nzuri za mwalimu wa uchoraji:

TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE. Dereva wa zamani amepasuka ubavuni na hafai tena. Wamefika madereva wapya saba, wazito na wepesi. Kila mtu aje uwanjani Jumamosi saa kumi jioni achague dereva anayefaa nguvu zake.

Sasa chuo kilikuwa na dereva, dereva wa kweli, wa gari. Alikuwa Mzaramo wa makamo, mkimya, mwenye kofia ya vito na pikapu ya chuo aliyoiendesha kwa mwendo wa kumsindikiza bibi harusi. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari lile, na hakuna aliyewahi kusikia limegonga kitu. Wakati huo mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini kila mahali. Uliweza kuondoka nyumbani ukiwa mfanyakazi na ukarudi huna kazi, umeshika bahasha. Kila karatasi kwenye ubao tuliisoma kwa hofu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo kuomba mchanga wa somo la kupiga lipu. Hodi ikabishwa mlangoni, akaingia dereva. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, chini ya kwapa ana bahasha kubwa.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu," akajibu bila kunitazama. Akaenda moja kwa moja mbele ya meza na kuweka juu yake funguo za gari. "Mkuu, nimekuja kukabidhi."

"Kukabidhi nini?" mkuu akauliza.

"Gari. Tangazo nimelisoma. Mie sina neno, kazi ni ya serikali, ikisema basi ni basi. Ila naomba jambo moja liwekwe sawa." Akafungua bahasha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Ni kweli nilipasuliwa ubavuni. Ilikuwa ngiri. Lakini huu mwaka wa nne, na daktari ameandika hapa kwamba nimepona na nirudi kazini. Sasa huyu aliyetangaza kwamba sifai, amenipima lini?"

Mkuu alimtazama, akanitazama mie, akatazama cheti cha ngiri. Mie tangazo nilikuwa nimelisoma na nilijua maana yake, lakini nilikuwa nimekuja kuomba mchanga tu.

"Na madereva saba, mkuu," akaendelea kwa sauti ile ile ya upole. "Gari lenyewe moja. Watapeana zamu?"

Tukatoka wote watatu mpaka kwenye ubao. Mkuu akalisoma tangazo mara ya kwanza akakunja uso. Akalisoma mara ya pili mabega yakaanza kumtikisika. Akaagiza mama wa Kizungu aitwe. Alipoelezwa alichokiandika aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, akamshika dereva mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Samahani sana, mzee. Dereva yeye ni sahani." Maelezo hayo hayakumtuliza mzee hata kidogo. Funguo alizichukua, lakini aliniambia tukiwa tunarudi kwamba Jumamosi atakuja kuwaona hao saba kwa macho yake.

Akaja kweli, saa kumi kasorobo, na ile bahasha. Mama wa Kizungu alikuwa ametandika kanga kwenye nyasi na kuwapanga madereva wake mstari mmoja: mwekundu, wa chungwa, wa kijani, mweupe, wa zambarau, wa njano, wa bluu. Mzee akawazunguka, mikono nyuma, kama anayekagua matairi.

"Hawa ndio?" akaniuliza.

"Ndio hao, mzee."

Akainama, akamgeuza mmoja juu chini. "Leseni wanazo?"

Hapo ndipo watu waliokuwa wamejizuia tangu Alhamisi walipoachia. Tulicheka mpaka mpishi akakaa chini. Yeye mwenyewe hakucheka, ila ile bahasha aliikunja akaitia mfuko wa suruali.

Kisha likaja suala la kuchagua. Chini ya kila kisahani palikuwa na namba ya uzito kwa wino. Mwekundu alikuwa mzito kuliko wote, na ukingo wake mkali zaidi. Mie sikuwa na haja ya kuwajaribu wengine. Mtu hapeleki mikono kama yangu kwenye kitu chepesi. Nikamwinua mwekundu.

"Huyo hapana," akasema mama wa Kizungu. "Huyo ana kasi sana. Anataka mkono wa haraka."

"Mama, mie nabeba saruji."

"Ndiyo. Mkono wako yeye ana nguvu, lakini hana haraka. Chukua wa njano."

Wa njano alikuwa amepita mikononi mwa akina mama watatu wa jikoni, na mmoja wao bado alikuwa anamsifia. Nilijifanya sikusikia. Nikasimama kwenye mstari, nikajizungusha kama nilivyoona wengine wanafanya, nikarusha kwa nguvu zangu zote mpaka nikatoa mlio. Kisahani chekundu kikaondoka kwa heshima, kikaenda mbele kama hatua ishirini, halafu kikakumbuka kitu upande wa kushoto. Kikakata kona, kikainamisha bega, kikajichomeka kwenye mihogo ya mkuu wa chuo.

Watu wakageuza macho kwa adabu.

Mzee akaombwa naye ajaribu. Alisema hajui, mguu unamsumbua, halafu akamchukua wa bluu, mwepesi kuliko wote, aliyekuwa mwisho wa mstari. Hakujizungusha. Alivuta mkono taratibu akauachia, kama mtu anayekunjua mkeka barazani. Kisahani kikapaa kikiwa kimelala, kikapita pale changu kilipokatia kona, kikapita mkorosho wa kwanza, kikaendelea kuelea mpaka tukaanza kuhisi labda hakina mpango wa kutua. Kilipotua mzee akaguna tu. Akaniuliza, "Sasa ndiyo nikakifuate?"

Nikaenda nyumbani nimeudhika. Nilijiambia kwamba mzee amebahatisha na kwamba chekundu ni cha wanaume, kinataka mazoezi. Mama wa Kizungu aliniazima nikae nacho, bila kubishana, na kwa wiki tano kila jioni niliyafanya hayo mazoezi. Niliongeza kubeba mawe. Nilikula mihogo ile niliyoiharibu, maana mke wa mkuu aliniletea akaniambia sasa ni yangu. Mikono ilinenepa mpaka mke wangu akalegeza mishono ya shati, na kisahani kilizidi kwenda kushoto, sasa kwa nguvu zaidi.

Mke wangu ni mtu wa Njombe, haongei sana. Jioni moja alikaa na mtoto pembeni ya uwanja akanitazama nikirusha mara kumi na mbili. Tuliporudi nyumbani akaniuliza, "Baba watoto, hivyo visahani si wanavyo vya namna nyingine?"

"Vipo, lakini vyepesi."

"Na huyo mzee anarusha kipi?"

"Chepesi."

Akamfuta mtoto pua. "Haya," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo, ila mie nililala vibaya.

Wiki ya sita nikapata maarifa. Kama kinakwenda kushoto, basi nitalenga kulia, kwenye bwalo, kisha kigeuke kiende kikapuni. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwenye kichwa changu. Siku hiyo kulikuwa na upepo kidogo unaotoka kulia. Nikalenga dirisha la bwalo, nikarusha. Kisahani kikaanza safari kuelekea dirishani, kikageuka kama nilivyokusudia, kikafika kikapuni, kikapita juu yake, na hakikusimama. Kikavuka mihogo. Kikaingia kwenye lile pengo lililoachwa kati ya ukuta na bati la banda la kuku ili kupitisha hewa.

Kuku wa kisasa hawajui kitu duniani zaidi ya kula na kuogopa. Zilisikika mbawa, halafu kelele, halafu kimya, ambacho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nilipofungua mlango wa banda niliwakuta wote wamejirundika kona moja, ghorofa tatu, na kisahani changu chekundu kimekaa juu ya chombo chao cha maji kama mfuniko. Nikaanza kuwapangua mmoja mmoja, nikiwaomba radhi. Mke wa mkuu alinikuta nimepiga magoti, manyoya kichwani, kuku wanne mikononi. Alinitazama akasema, "Mwalimu, ungeniambia tu unataka mboga."

Hakufa hata mmoja, nashukuru Mungu, ila kwa siku tatu waligoma kula vizuri. Mkuu wa chuo akaniandikia barua rasmi ya kunitaka nijieleze kwa maandishi. Nilikesha nayo, nikaandika kurasa mbili. Sentensi moja naikumbuka mpaka leo kwa aibu: "Kisahani husika kiliacha uelekeo niliokipa na kufuata uelekeo wake binafsi." Mkuu alijibu kwa mstari mmoja, kwamba maelezo yamepokelewa na kwamba nitafute kisahani kinachosikia.

Hata barua ile haikunifundisha. Nilichofanya nikahamia kona ya mbali zaidi na banda, nikaendelea na chekundu.

Mkataba wa mama wa Kizungu ulipokaribia mwisho aliandaa mashindano ya kumuaga. Wakaja wageni kutoka vyuo viwili, baadhi Wazungu wenzake, baadhi walimu kama sisi, na tukacheza wawili wawili. Utaratibu ulikuwa kwamba wote wawili mnarusha, kisha mnachagua mtupo ulio mzuri mnaendelea kutoka hapo. Kwa kura nikapangwa na mzee dereva. Nilifurahi, kwa kuwa nilijua atafunika makosa yangu, halafu nikajichukia kwa kufurahi.

Kikapu cha kwanza tukatumia mtupo wake. Cha pili, wake. Cha tatu nilipiga mkorosho, na korosho bichi zikamwangukia mgeni mmoja aliyekuwa anaweka kumbukumbu. Tukatumia mtupo wa mzee. Kila nikirusha, yeye aliweka mikono nyuma na kusema "Sawa, mwalimu," kwa upole ule ule, kisha tukatembea kwenda kilipo chake. Mke wangu alikuwa miongoni mwa watazamaji. Binti yetu, aliyekuwa keshajua kutembea, kila nikirusha alinyoosha kidole upande wa kushoto kabla kisahani hakijaanza kugeuka.

Kabla ya kikapu cha nne mzee aliniomba tusogee pembeni.

"Mwalimu, gari unajua kuendesha?"

"Hapana, mzee."

"Lakini ushapanda kwangu tukienda kuchota mchanga. Tukipandisha kilima tumejaza, mie natia gia gani?"

"Ya pili."

"Ningetia ya nne?"

"Lingezima."

"Basi hicho chekundu ni gia ya nne. Kinafaa mtu ambaye keshapata mwendo, kama huyo mama, umeona mkono wake unavyofyatuka. Wewe unakipa nguvu, mwendo hukipi, ndiyo kinazima njiani kinaserereka." Akanipa chake cha bluu. "Jaribu cha kilimani."

"Unasema mie mkono wangu ni gia ya pili?"

"Gia ya pili ndiyo inayobeba mchanga," akasema. "Sikukutukana."

Nilikishika kile cha bluu. Kilikuwa chepesi, ukingo wake butu kidogo, na mkononi mwangu kilionekana kama kifuniko cha sufuria ya mtoto. Nilisikia haya, kusema kweli. Nikawaangalia akina mama wa jikoni kama wananicheka, wakawa wanaongea mambo yao. Nikarusha bila kujikaza, kwa kuwa nilikwisha kukata tamaa na kisahani chenyewe kilikuwa kidogo mno kukikazania.

Kikaenda. Kilipofika pale ambapo kwa wiki nyingi niliona bega linainama, hiki kiliyumba kidogo kulia, kikajirekebisha, kikaelea mbele, kikapita mkorosho, kikashuka taratibu hatua kumi kutoka kwenye kikapu. Nilibaki na mkono hewani. Sijawahi kujenga ukuta ulionipa furaha ile. Binti yangu alikuwa bado ameelekeza kidole kushoto.

"Tutumie chako," mzee akasema.

Tulishika nafasi ya tatu kati ya jozi tano. Wageni walioshinda walipewa kuku wa mkuu, na mkuu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuku hao wana uzoefu na mchezo.

Jumapili iliyofuata, kabla ya kusafiri, mama wa Kizungu alinipeleka uwanjani asubuhi peke yetu, pamoja na fimbo saba. Alinitaka nirushe kila dereva mara tatu, nisikaze, na tuchomeke fimbo mahali ambapo mtupo wa katikati umeangukia. Sikubishana tena. Tulipomaliza tulisimama tukatazama fimbo zetu. Ya mwekundu ilikuwa nyuma ya zote, kushoto, peke yake. Mbele kabisa, kwa hatua tatu zaidi ya wa bluu, ilikuwa ya wa njano, yule ambaye mama huyo aliniambia nimchukue siku ya kwanza.

"Yeye anafaa nguvu zako," akasema. "Mwaka kesho, kama mkono anapata haraka, unachukua wa zambarau. Pole pole."

Sanduku alituachia. Mzee akachukua wa bluu kuwa wake, mie wa njano. Akina mama wa jikoni walilalamika, tukakubaliana wamtumie siku za kazi na mie niwe naye Jumamosi. Kwa miaka mitatu iliyofuata, karibu kila Jumamosi alasiri, mzee akishaosha gari na kuswali, tulikutana uwanjani tukazunguka vikapu sita mara mbili. Mkono wangu ulipata haraka kidogo, lakini si ya kumfikia wa zambarau, nami sikumharakisha. Mzee alinishinda siku nyingi. Siku nilizomshinda mie alisema mguu unamsumbua, kisha tulikaa kwenye kibaraza cha bwalo tukanywa maji, akanisimulia habari za barabara ya Lindi wakati wa masika, magari yaliyokwama wiki nzima, na jinsi yeye alivyopita.